Kaveti: kinga ya mwenzi asiye na jina kwenye hati

Mke anapokubali jina lake liondolewe kwenye hati ya nyumba, labda ili mume apate mkopo kwa urahisi, ndugu humwambia kwamba amejimaliza. Kwa sheria ya Tanzania, sivyo. Alichoachia ni umiliki ulioandikwa. Maslahi yake katika nyumba ya familia yanatokana na ndoa, na ndoa bado ipo. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mwenye nyumba hiyo kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, mume au mke, na kinasema maslahi ya huyo mwenzi yanaweza kulindwa kwa kaveti.

Kaveti ni maombi yanayopelekwa kwa Msajili wa Hati chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, yakieleza nani anadai nini juu ya ardhi ipi. Ikishaingia kwenye rejesta, Msajili hasajili uhamisho wala rehani hadi aliyeiweka aridhie au Mahakama Kuu iamue vingine. Mwenye hati hupewa taarifa, naye anaweza kwenda mahakamani kutaka mwenzake aeleze kwa nini isiondolewe.

Asili ya neno kaveti ni Kilatini, maana yake "na ajihadhari". Anayeonywa hasa ni mnunuzi au benki inayokuja kupekua rejesta. Wapo wanaoiita zuio, lakini mahakamani zuio ni amri ya hakimu au jaji, na mtu akisikia nyumba ina zuio hudhani kuna kesi. Pingamizi nalo limezoeleka kwenye mirathi na uchaguzi. Tahadhari ndiyo iliyo karibu zaidi na Kilatini, ila haina meno: tahadhari hupuuzwa, kaveti humfunga Msajili mikono. Nabaki na kaveti.

Udhaifu wake ni wakati. Iwekwe kabla mnunuzi hajasajiliwa. Tena mwenzi asichanganye saini mbili: ya kumhamishia mwenzake jina, na ya kuridhia nyumba iuzwe kwa mtu wa nje. Ya kwanza haibebi ya pili. Akishasaini ya pili kwa hiari yake, kaveti yake haina pa kusimama.

Na nyumba isiyo na hati, yenye karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa? Hapo hakuna ukurasa wa rejesta wa kuandikia kaveti. Kinachobaki ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Kifungu cha 114 kinataka rehani ya nyumba ya familia iwe na saini au ushahidi wa ridhaa ya mwenzi. Ndiyo maana benki hudai kiapo cha hali ya ndoa, na ndiyo maana wapo wanaolala na mke usiku kisha asubuhi wakaapa kwamba hawana. Kifungu cha 161 kinamtaka mkopeshaji au mnunuzi aulize kama mwenzi ameridhia. Akidanganywa na mwenye nyumba, mauzo hayawi batili papo hapo. Yanakuwa batilifu, yaani yanasimama hadi mwenzi aliyeachwa kando aamue kuyapinga, na uamuzi huo ni wake peke yake.