Ugenini Niliulizwa Habari za Babu

Wasikilizaji wapenzi, wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mimi nilikwenda Uingereza mwaka 2010 na nilichookota huko ni aibu. Leo nataka niwagawieni, maana ni aibu yenye faida.

Nilikwenda na timu ya watu 5 waliopelekwa na Rotary, chama cha huduma kilichoanzishwa Chicago mwaka 1905. Tangu mwaka 1965 chama hicho kilikuwa kikibadilishana vijana wenye taaluma baina ya nchi na nchi. Kiongozi alikuwa mwanachama, sisi wengine hatukuwa wanachama. Tulikaa majuma kadhaa, tukilala majumbani mwa wenyeji, tukitembelea shule na mashamba, na jioni tukisimama mbele ya watu kueleza habari za kwetu.

Mimi nilipewa kuzungumzia Mara. Nilijiandaa sawasawa. Nilikuwa na picha za nyumbu wakivuka mto, na kanda ya ritungu, lile zeze kubwa la Wakurya la nyuzi nane. Watu walipiga makofi. Serengeti ya wanyama waliijua tangu filamu ya Bernhard Grzimek ya mwaka 1959, nami niliwaongezea ile ile waliyokwisha kuijua.

Usiku mmoja, katika nyumba niliyofikia, baba mzazi wa mwenyeji wangu, mzee aliyekaribia miaka 90, alinionyesha picha ya zamani. Askari Waafrika walikuwa wamesimama ukingoni mwa mto, matope hadi magotini. Akasema, "Hawa ni watu wa kwenu. Nilikuwa nao Kalewa." Kisha akatamka kwa Kiswahili: "Haraka, haraka!" Akacheka, akanyamaza. Halafu akaniuliza kama kwetu kuna mtu aliyefika Burma.

Nikamjibu kwa fahari kwamba babu yangu alifika. Akauliza, kikosi gani? Sikujua. Alipita njia ipi? Sikujua. Alirudi lini? Hilo nalo sikulijua.

Wasikilizaji wapenzi, babu yangu alifariki mwaka 2006. Wakati huo nilikwisha kupata stashahada ya uandishi wa habari, na kinasa sauti kilikuwa begani mwangu kila siku. Nilimhoji mkuu wa wilaya, nikamhoji bwana mifugo, nikamhoji hata mganga wa kienyeji. Babu sikumuuliza hata swali moja. Nishani zake tulizichezea utotoni.

Ndipo nikaanza kusoma. Wakurya wengi waliingia katika jeshi la King's African Rifles, wengine wakaenda na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki kupigana na Wajapani. Hata njia ya kwenda ilikuwa kaburi. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wakiwamo mamia ya askari wetu wa mizinga. Waliofika waliteremka bonde la Kabaw katika masika makali ya mwaka huo, katika matope na malaria. Tarehe 2 Desemba 1944 waliingia Kalewa, kando ya mto Chindwin. Askari wa makabila mengi, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha.

Niliporudi nilifika Tarime kwanza. Wazee wa rika la babu walikuwa wamekwisha. Nikaenda Serengeti, kijiji kimoja karibu na Mugumu, ambako babu alihamishia ng'ombe alionunua kwa fedha ya jeshi. Bibi alikuwa hai. Nikawasha kinasa sauti.

Bibi akasema, "Mjukuu wangu, babu yako hakusimulia Bama. Ila mvua ikinyesha usiku, hakulala ndani. Alitoka akakaa na ng'ombe mpaka iishe. Sisi tulidhani anaogopa wezi."

Hayo tu ndiyo niliyoyapata. Utotoni mwangu nilimwona mara nyingi amekaa pale zizini, amejifunika gunia, nami nikidhani ndivyo wazee walivyo.

Babu na mimi sote tulivuka bahari. Yeye alipewa bunduki, mimi nikapewa tai na kadi za kugawa. Mimi ndiye niliyeitwa mwakilishi wa utamaduni wa kwetu. Lakini mzee yule wa Kiingereza, aliyekaa na watu wetu matopeni, aliwakumbuka kuliko mimi mwakilishi wao.

Mpango ule wa kubadilishana vijana ulifungwa mwaka 2013. Safari za namna nyingine zipo, na vijana wetu wataendelea kwenda. Wafundishwe kutumia uma na kisu, si vibaya. Lakini kabla ya kupanda ndege, kila mmoja akae siku mbili na wazee wa kwao, aulize, aandike. Aliyekuwa na miaka 20 vita ilipokwisha mwaka 1945, leo amevuka 100, kama yupo. Waliobaki ni wajane na watoto wao, nao wanazeeka.

Wewe unayenisikiliza, kama nyumbani kuna mzee asiyelala mvua inaponyesha, usingoje mgeni aje akuulize.

Hadi juma lijalo, kwaherini.