Cheo cha Kurithi na Kiapo cha Askari

Katika Burundi ya kale cheo cha Mwami kilikuwa cha kurithi, na hata jina la kutawalia halikuchaguliwa kwa kupenda. Majina yalikuwa manne, yakipokezana kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa. Wana wa Mwami na wajukuu wao waliitwa Abaganwa, wakapewa nchi za kutawala. Kila ukoo ulichukua jina la Mwami aliyeuzaa: Abatare kwa Ntare, Abezi kwa Mwezi.

Hapo ndipo fitina ilipopata mlango. Wana wa Mwami mpya walihitaji nchi, na nchi zilikuwa mikononi mwa wana wa Mwami aliyetangulia. Mwezi Gisabo alipigana miaka mingi na ndugu zake wa damu. Wajerumani waliukuta ufa huo, wakautumia; mwaka 1903, huko Kiganda, Gisabo alilazimika kuyakubali mamlaka yao.

Ugomvi haukuzikwa pamoja na wazee. Septemba 1961 Louis Rwagasore, mwana wa Mwambutsa wa Nne, alikiongoza chama cha UPRONA kushinda viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba aliuawa kwa risasi. Miongoni mwa walionyongwa kwa kosa hilo walikuwamo wana wawili wa Baranyanka, chifu wa Abatare.

Julai 1966 Ndizeye alimng'oa baba yake, akatawazwa Ntare wa Tano. Tarehe 28 Novemba mwaka huo huo Waziri Mkuu wake, Kapteni Michel Micombero, aliufuta ufalme. Aprili 1972 Ntare aliuawa Gitega, na katika miezi iliyofuata maelfu kwa maelfu ya raia, hasa Wahutu, waliuawa, majeshi yenyewe yakishiriki.

Cheo kilifutwa, lakini tabia ya kurithishana ilibaki. Marais watatu wanajeshi, Micombero, Bagaza na Buyoya, wote walitoka tarafa moja, Rutovu. Ndiyo sababu Mapatano ya Arusha ya mwaka 2000, na Katiba ya mwaka 2005 baada yake, yaliagiza kwamba kabila lolote lisizidi nusu ya majeshi ya ulinzi na usalama.

Basi askari anayeshika doria Mutakura, kaskazini mwa Bujumbura, na ajue kwamba bunduki aliyokabidhiwa si urithi wa ukoo wala wa mkoa. Mwami alirithi jina. Askari hali kiapo kwa ukoo, hula kwa taifa. Atakayesahau hayo atakuwa amerudisha kwa mlango wa nyuma kile kilichotolewa kwa mlango wa mbele.