PowerPC: angalia kadi ya picha kabla ya kutoa franka

PowerPC ni prosesa iliyozaliwa na mapatano ya Apple, IBM na Motorola ya mwaka 1991. Apple iliitia ndani ya Mac toka 1994, kisha mwaka 2006 ikahamia Intel. Ukionyeshwa moja iliyokwisha kutumika hapa Kamina, bei ndogo isikudanganye.

Shida iko kwenye kadi ya picha. Mac hizo zinawashwa na programu ya Open Firmware, na kadi ya PC ya kawaida haina maandishi ambayo programu hiyo inasoma. Hata chipu ikiwa ileile ya Radeon, wakati wa kuwasha skrini inabaki nyeusi. Kwa hiyo kadi ikiungua, lazima utafute ya Mac. Pegasos na AmigaOne, nazo za PowerPC, zinapokea kadi nyingi za PC.

Programu pia zinapungua: Debian 8 ya mwaka 2015 ndiyo ya mwisho rasmi kwa PowerPC ya biti 32. MorphOS ingali kuko, lakini inataka Radeon.

Mwenye paneli za jua aangalie na umeme: adapta ya Mac mini G4 ni wati 85 tu.

Usilipe mbele ya kuona picha kwenye skrini.