Kisu, Wino na Mgongo wa Kijiko

Neno chapa limebebeshwa mizigo mingi katika Kiswahili chetu. Ng'ombe hupigwa chapa, kitabu hupigwa chapa, kanga hupigwa chapa, na hata noti iliyomo mfukoni ni karatasi iliyopigwa chapa. Labda ndiyo sababu wengi wetu tukionyeshwa picha ya chapa hatuihesabu kuwa sanaa. Swali letu la kwanza ni: ziko ngapi? Tukijibiwa kwamba ziko hamsini, thamani yake inashuka machoni petu, kana kwamba msanii ametulaghai. Kinyago cha mpingo ni kimoja, twasema, lakini hii ni nakala tu. Nimeyasikia maneno hayo, "nakala tu", mara nyingi, na katika insha hii nataka kuyapinga. Nitayapinga kwa kueleza habari za watu walioutegemea wingi huo wa nakala wakati ambapo walikuwa na vitu vichache sana vya kutegemea.

Njia za kupiga chapa kwa mkono ni nyingi. Iliyo kongwe ni ya ubao. Fundi huondoa kwa patasi sehemu zitakazobaki nyeupe, akaziacha juu zile zitakazoshika wino. Wachina walikuwa wameimudu zamani sana. Nakala ya Sutra ya Almasi iliyohifadhiwa London ina tarehe ya mwaka 868. Njia ya pili ni ya bamba la shaba, ambamo asidi huila mistari na wino hukaa ndani ya mistari hiyo iliyoliwa. Rembrandt wa Uholanzi aliitumia kwa ustadi mkubwa katika karne ya 17. Njia ya tatu ni ya jiwe, iliyobuniwa na Alois Senefelder huko Bavaria mwishoni mwa karne ya 18, nayo hutegemea jambo ambalo kila mpishi analijua, kwamba mafuta na maji havipatani. Hata huku kwetu, mwishoni mwa karne ya 19, mafundi wa Unguja walikuwa wakigonga vitambaa kwa chapa za mbao kabla soko la kanga halijatekwa na viwanda vya ng'ambo.

Njia ninayotaka kuizungumzia hasa ilikuja baadaye, nayo ilianzia sakafuni. Mwaka 1863 Mwingereza Frederick Walton alipata hataza ya kitu alichokiita linoliamu. Yalikuwa mafuta ya mbegu za kitani yaliyogandishwa, yakachanganywa na unga wa magome ya mti, kisha yakatandazwa juu ya kitambaa kigumu mfano wa gunia. Alikusudia kitandikwe sakafuni. Wasanii wa Ujerumani na Austria walipokiona mwanzoni mwa karne ya 20 walitambua kwamba kinachongeka kuliko ubao, hakina nyuzi za kupingana na kisu, na bei yake ni ndogo. Wakubwa wa sanaa walikidharau. Franz Cižek aliwapa watoto wa darasa lake huko Vienna wachonge, na kwa muda mrefu linoliamu ikadhaniwa kuwa kitu cha watoto na wanafunzi, mpaka Picasso alipoichonga kwa bidii huko kusini mwa Ufaransa kuanzia miaka ya 1950.

Kazi yenyewe huenda hivi. Picha huchorwa juu ya linoliamu ikiwa kinyume, kwa sababu karatasi itaigeuza kama kioo kinavyougeuza uso. Kipande huanikwa juani kidogo kipate kulainika. Kisha huchongwa kwa vijembe vidogo, kimoja chenye ncha kali na kingine chenye mdomo wa mviringo, na mkono unaokishikilia kipande hukaa nyuma ya kisu, wala si mbele yake. Wino husambazwa kwa rola juu ya kipande cha kioo mpaka usikike ukinata, ndipo rola hupitishwa juu ya mchongo. Karatasi hulazwa juu yake na kusuguliwa kwa nguvu. Mwenye mashine hutumia mashine; asiye nayo hutumia mgongo wa kijiko. Kisha pembe ya karatasi huinuliwa polepole.

Nimewahi kukishika kisu hicho na kukisukuma, na kilichonigusa ni kwamba kila mkato ni wa mwisho. Mwenye penseli ana kifutio, na mwenye rangi anaweza kupaka juu ya rangi. Mchongaji wa linoliamu hana namna, kwani alichokiondoa kimekwenda, kama maji yaliyomwagika. Na anachokiondoa ndicho kitakachokuwa mwanga. Asipogusa chochote, karatasi yote itatoka nyeusi. Kila weupe uuonao katika picha ya namna hii, hata ule uzi mwembamba wa unywele, umechimbwa na mkono wa mtu.

Sasa niende kusini. Mwaka 1953 serikali ya makaburu wa Afrika Kusini ilitunga Sheria ya Elimu ya Wabantu, iliyokusudia kumpa Mwafrika elimu ya kumfaa mtumishi tu. Mahali ambapo kijana mweusi angeweza kujifunza sanaa palikuwa pa kuhesabika kwa vidole. Mwaka 1962 mume na mke kutoka Uswidi, Peder na Ulla Gowenius, walianza mafunzo ya kazi za mikono chini ya Kanisa la Kilutheri, na mwaka uliofuata wakahamia kwenye misheni ya Rorke's Drift, mahali ambapo Wazulu hupaita kwaJimu. Wasomaji wa historia wanapajua kwa sababu nyingine. Tarehe 22 na 23 Januari 1879 askari wa Kiingereza wapatao 150 walijihami hapo dhidi ya maelfu ya wapiganaji wa Kizulu, na Uingereza ikatoa nishani 11 za Msalaba wa Victoria kwa vita hiyo moja.

Mmoja wa wanafunzi wa kwanza alikuwa Azaria Mbatha, aliyezaliwa Uzuluni mwaka 1941. Alianza kuchonga linoliamu wakati alipokuwa akitibiwa kifua kikuu katika hospitali ya misheni. Alizichukua hadithi za Biblia, akaligawanya karatasi katika vyumba vidogo vidogo, na katika kila chumba akaweka tukio. Yusufu wake alikuwa mtu mweusi, na ndugu waliomuuza walikuwa watu weusi. Hapana haja ya kueleza zaidi maana ya jambo hilo katika nchi ambayo mtawala alidai kuwa Mungu yuko upande wake. Mbatha alikwenda kusoma Uswidi, akarudi, kisha mwaka 1969 akaondoka kwenda kuishi huko, na huko ndiko alikofariki mwaka 2018.

Aliyenigusa zaidi ni mwingine, John Muafangejo. Alizaliwa mwaka 1943 kusini mwa Angola katika watu wa Kwanyama, kabila lililokatwa vipande viwili na mpaka wa wakoloni. Baba yake alipofariki, mama yake alivuka mpaka akaenda kukaa kwenye misheni ya Kianglikana upande wa Namibia, na kijana akamfuata. Watu wa misheni waliona kipaji chake, na mwaka 1967 akapelekwa Rorke's Drift. Huko akili yake iliugua kwa muda, akatibiwa hospitali, akarudi darasani na kumaliza masomo mwaka 1969. Naye akachonga picha ya vita ile ya 1879, mara hii kwa mkono wa Mwafrika.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliijua Namibia kwa njia ya siasa. SWAPO ilikuwa na ofisi zake Dar es Salaam tangu miaka ya 1960, na majina tuliyoyazoea yalikuwa ya viongozi na wapiganaji. Hatukujua kwamba kulikuwa na mtu, ndani ya nchi yenyewe iliyokuwa ikitawaliwa na Afrika Kusini, aliyekuwa akiandika kumbukumbu ya mambo yote hayo juu ya vipande vya sakafu. Ninasema akiandika kwa makusudi. Picha za Muafangejo zimejaa maneno. Alichonga ndani ya picha majina, tarehe na maelezo ya tukio, herufi kwa herufi, kinyume, zipate kusomeka sawa kwenye karatasi. Alichonga arusi, mavuno, maaskofu, wafalme wa Kwanyama, na upweke wake mwenyewe. Mojawapo ya picha zake za mwaka 1974 inaitwa Mtu Mpweke.

Iko habari moja ambayo kwangu ndiyo kiini cha yote. Huko Oniipa, kaskazini mwa Namibia, Kanisa la Kilutheri lilikuwa na kiwanda cha kupiga chapa. Mwaka 1971 viongozi wa kanisa walimwandikia Waziri Mkuu wa Afrika Kusini barua ya wazi, wakasema kwamba utawala wake unavunja haki za watu wao. Mwezi Mei 1973 kiwanda kile kililipuliwa kwa bomu. Waumini wakakijenga upya, kikafunguliwa mwaka 1975, na Muafangejo akachonga picha ya ufunguzi huo. Mwaka 1980 kikalipuliwa tena. Mwaka uliofuata ikalipuliwa seminari ya Kianglikana ya Odibo, mahali alipopata kufundisha yeye mwenyewe, na hilo nalo akalichonga.

Tafakari, msomaji. Mtawala aliyeogopa maneno alijua mahali pa kuyatafuta. Yalikuwa kwenye mashine kubwa, ndani ya jengo lenye anwani, na jengo hulipuka. Lakini kiwanda cha chapa cha Muafangejo kilikuwa kipande cha linoliamu kinachoenea kwapani, kisu, wino na karatasi. Picha moja ya rangi ingeweza kunyang'anywa au kuchomwa, na habari yake ikaishia hapo. Picha ya chapa iliyotoka mara hamsini, nakala moja ikaenda London, nyingine Stockholm, nyingine ikabaki kwa padri, yaani hiyo hiyo "nakala tu" tunayoibeza, haikuwa na mahali pamoja pa kutegewa bomu. Wingi uliokuwa ukiipunguzia heshima ndio uliokuwa ngao yake.

Yuko atakayesema kwamba wengi wa walionunua picha hizo walikuwa Wazungu, wa huko huko Afrika Kusini na wa Ulaya, wakazitundika kwenye sebule zao. Ni kweli, na jambo hilo linauma. Watu wa kijijini kwake hawakuwa na fedha za kununua wala kuta za kutundika. Hata hivyo nadhani hoja hiyo haitoshi kuiangusha kazi yenyewe. Shahidi hachagui nani atakaa mahakamani siku ya kutoa ushahidi. Kazi yake ni kusema kilichotokea, siku kilipotokea, na kuweka jina lake chini. Msanii wa chapa hufanya hivyo hivyo. Huandika kwa penseli chini ya kila karatasi namba yake na jumla ya zote, kisha hutia sahihi. Karatasi yenye alama 12/50 haidai kuwa peke yake duniani. Inakueleza kwa uaminifu kwamba ina ndugu 49, na kwamba mkono uliozizaa zote ni mmoja. Wala hazifanani kabisa, kwa kuwa wino huzidi hapa na kupungua pale, na mkono wa asubuhi si mkono wa jioni.

Idara ya sanaa ya Rorke's Drift ilifungwa mwaka 1982, ingawa ufumaji uliendelea. Kwa miaka isiyozidi ishirini, mahali pale padogo palikuwa pametoa wachongaji ambao kazi zao zimo leo katika majumba makubwa ya makumbusho. Muafangejo alikuwa amekwisha kuhamia Katutura, mtaa waliotengewa Waafrika huko Windhoek. Mwaka 1984 alichonga picha ya watu wawili waliokumbatiana, akaipa jina lenye maana ya tumaini na matarajio mema licha ya matatizo yaliyopo. Ukiitazama kwa makini utaona jinsi alivyolipata tumaini hilo. Ni kwa maelfu ya mikato midogo midogo, kila mmoja ukiondoa weusi kidogo, na hakuna mmoja ambao angeweza kuurudisha.

Alifariki kwa maradhi ya moyo mwezi Novemba 1987, akiwa na umri wa miaka 44. Bendera ya Namibia huru ilipandishwa tarehe 21 Machi 1990 bila yeye kuiona. Alikuwa ameacha michongo zaidi ya mia mbili, na nakala zake zilikuwa zimekwisha kutawanyika katika nchi nyingi, kila moja na namba yake.