Tumbawe linapauka tangini? Tafuta mayai ya mnyoo kabla ya kulaumu maji

Tawi la akropora lililokuwa na rangi nzuri ya kijani au zambarau linaanza kupauka, kwa kawaida kutokea chini kwenda juu. Mwenye tangi anapima chumvi, anapima kalsiamu, anabadilisha maji, anapunguza taa. Vipimo viko sawa, ila tumbawe linazidi kwisha. Ikifika hapo, uwezekano mkubwa ni kwamba kuna kitu kinalila.

Msumbufu mkubwa kwa wanaofuga matumbawe nyumbani, hasa Marekani na Ulaya, ni mnyoo bapa wa akropora. Jina lake rasmi la kwanza, Amakusaplana acroporae, alilipata mwaka 2011 tu, baada ya wataalamu kuchunguza minyoo iliyotoka kwenye matangi. Baharini aliripotiwa mwaka uliofuata, huko Great Barrier Reef, Australia. Yaani wafugaji walishapambana naye miaka kadhaa kabla sayansi haijampa jina.

Kumwona kwa macho ni shughuli. Ni mwembamba kama karatasi, karibu angavu, na rangi yake inafanana na ya tumbawe analokula. Hukaa upande wa chini wenye kivuli. Kinachomsaliti ni alama za kula: vidoa vidogo vya mviringo, vyeupe, vilivyokaa karibu karibu.

Njia rahisi ya kuhakikisha ni kuchukua bomba la sindano lisilo na sindano, ulijaze maji ya tangi, halafu upulize matawi kwa nguvu. Ukiona kama kipande cha ngozi kinang'oka na kujikunja majini, ndiye huyo.

Wadudu wengine wana dalili zao. Matumbawe ya montipora huliwa na konokono weupe wasio na gamba, wa milimita chache tu, wanaojificha chini ya sahani ya tumbawe. Kuna pia vijidudu vya manjano vyenye doa jekundu, wa nusu milimita, wanaotambaa juu ya akropora. Hawa hutibiwa kwa milbemisini, dawa ya minyoo ya moyo ya mbwa, ambayo ni ya kupata kwa daktari wa mifugo. Shida yake ni kwamba inaua hata kamba na kaa, kwa hiyo hao watolewe kwanza.

Kwa mnyoo bapa, dawa ni kumuogesha mgonjwa. Tumbawe linatolewa, linawekwa kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe yaliyochanganywa na dawa ya kuogeshea matumbawe, kwa kipimo na muda ulioandikwa kwenye chupa. Wakati huo unaendelea kupuliza matawi. Kisha suuza kwenye ndoo nyingine safi. Maji ya dawa yasirudi tangini hata tone.

Wengi wanaishia hapo, na ndiyo maana baada ya wiki chache wanaanza upya. Dawa hizi zinaua mnyoo, mayai haziyaui. Mayai ni ya kahawia, yamebandikwa kwa vikundi kwenye sehemu ya tumbawe iliyokwisha kufa, mara nyingi kwenye shina, karibu na gundi. Tumia lensi na tochi. Yakwangue kwa kisu, au kata kabisa sehemu iliyokufa, na kijiwe tumbawe lilikogundishwa ukitupe.

Hata ukikwangua vizuri, rudia kuogesha kila wiki kwa wiki sita hivi. Mayai huweza kuchukua siku kumi mpaka wiki tatu kutotoa kutegemea joto la maji, na lengo ni kuwawahi wadogo kabla nao hawajataga. Akropora zote zikae tangi la pembeni muda huo. Mnyoo huyu anategemea akropora, hivyo waliobaki tangi kubwa watakufa njaa. Kuacha kipande kimoja tu ni kuwawekea akiba.

Usije ukashawishika kumwagia mawe maji ya moto ili kuua mayai. Matumbawe laini ya jamii ya zoantidi, ambayo huota yenyewe juu ya mawe, baadhi yana palitoksini, sumu kali sana inayoweza kuruka na mvuke. Mwaka 2018 huko Oxfordshire, Uingereza, usafishaji wa tangi la nyumbani uliwapeleka hospitali watu kadhaa, wakiwemo wazima moto.

Mawe yenye zoantidi yashikwe kwa glavu na miwani ya kinga, yasichemshwe wala kusuguliwa yakiwa makavu. Ukisikia ladha ya chuma mdomoni, kifua kubana au homa baada ya kazi hiyo, toa watu wote nje, wahi hospitali, na umwambie daktari kuwa ulikuwa unashika matumbawe.