Ujiji ya karne ya 19: Soko lililowapa watu wa ziwa lugha moja

Ujiji ni mji mkongwe ulio kando ya Ziwa Tanganyika, kilomita chache kusini mwa Kigoma nchini Tanzania. Ulimwengu unaufahamu kwa tukio moja: mwishoni mwa mwaka 1871, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alimkuta hapo mmisionari David Livingstone. Hata hivyo, kwa wasemaji wa Kiswahili wa Rumonge, Nyanza-Lac na mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, umuhimu wa Ujiji hautokani na mkutano wa wageni hao wawili. Unatokana na wakazi wake, ambao maisha yao ya kila siku yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mwambao wa ziwa.

Mitaa miwili

Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, waliwakuta wafanyabiashara kutoka pwani wakiwa wamekwisha kutangulia. Makazi makuu yaliitwa Kawele, na mkuu wake alikuwa Kannena, Mjiji. Ni yeye aliyewapatia wageni hao mitumbwi ya kwenda kaskazini hadi Uvira, ambako walielezwa kuwa mto Rusizi unaingia ziwani, wala hautoki humo.

Miaka ya 1870 Ujiji ilikuwa na mitaa miwili mikubwa. Ugoy ulikuwa mtaa wa Waarabu na matajiri wa pwani, waliokaa katika matembe: nyumba pana za udongo zenye paa bapa na baraza mbele. Kawele walikaa Wajiji, waungwana na watumwa, wengi wao katika vibanda vya msonge vilivyoezekwa kwa nyasi. Wafanyabiashara walipanda miembe, na mara nyingi waliingia katika ukoo wa wenyeji kwa ndoa. Mwinyi Kheri, mtu wa pwani aliyekuwa na nguvu kuliko wote mjini, alimwoa binti wa mtawala wa Wajiji.

Sokoni

Soko lilifanyika kila siku mahali pa wazi karibu na maji. Warundi walileta mawese, Wavinza walileta chumvi waliyoichemsha kutokana na chemchemi za nchi yao, na wavuvi walileta samaki wabichi na wakavu. Palikuwa pia na mtama, mihogo, miwa, tumbaku, mbuzi na kuku. Mitumbwi mikubwa ilichongwa kutokana na magogo ya misitu ya milimani, ng'ambo ya magharibi.

Fedha ya soko ilikuwa sofi, shanga zilizofanana na vipande vya mrija wa kiko uliovunjika. Msafiri Verney Lovett Cameron, aliyefika mwaka 1874, aliwaona watu wenye mifuko iliyojaa sofi. Soko lilipofunguliwa waliwapa wanunuzi shanga hizo kwa kubadilishana na bidhaa nyingine. Soko lilipofungwa walizipokea tena kutoka kwa wauzaji. Walipata faida mara mbili kwa siku.

Mrundi, Mvinza, Mjiji na mtu wa Uvira walihitaji kuelewana juu ya bei, na lugha ya wenye misafara ya pwani ndiyo iliyowaunganisha.

Walioletwa kwa nguvu

Pamoja na mawese na chumvi, Ujiji iliuza pembe za ndovu na wanadamu. Mateka wengi walitoka Manyema, magharibi mwa ziwa. Baadhi yao walipelekwa Tabora na kisha Bagamoyo, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Mkataba wa mwaka 1873, uliofunga masoko ya watumwa Zanzibar, haukuikomesha biashara hiyo huku bara.

Wengine walibaki Ujiji wakilima, wakipiga makasia, wakichukua mizigo na kujenga nyumba za mabwana zao. Maisha yalikuwa magumu. Mwaka 1876 ndui iliua watu wengi mjini. Waliosalimika walijifunza Kiswahili, wengi wakasilimu, na baada ya muda wakajiita waungwana, jina ambalo pwani lilikuwa la watu huru wenye asili. Jina la Manyema nalo likawa jina la jamii, nalo lipo hadi leo Kigoma na Bujumbura.

Kwa nini Kiswahili kilibaki ufukweni

Mwaka 1881 Sultani Barghash wa Zanzibar alimteua Mwinyi Kheri kuwa liwali wa Ujiji. Baada ya kifo chake mwaka 1885, aliyepata nguvu ni Mohammed bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza. Watu wa Ujiji walikuwa na vituo mwambao mwa Burundi, lakini jitihada za Rumaliza za kuingia ndani ya ufalme zilizuiwa na Mwami Mwezi Gisabo. Hii ni sababu mojawapo iliyofanya Kiswahili kiote mizizi ufukweni na katika miji ya biashara, huku milimani Kirundi kikiendelea bila mpinzani.

Ziwa lenyewe liliiacha Ujiji. Baada ya mwaka 1878, maji yalipofungua njia ya kutokea mto Lukuga, kina kilishuka kwa takriban mita 10 katika muda usiozidi miaka 20, na ufuko ukasogea mbali na mji. Reli ya kati ilipofika ziwani mwaka 1914, ilikomea Kigoma, penye ghuba yenye kina.

Leo makumbusho na mnara wa Livingstone husimama mbali na maji, na wageni hupigwa picha hapo. Majina ya wengi waliojenga mitaa ya Ujiji hayakuandikwa popote. Walichowaachia wajukuu wao, pande zote mbili za mpaka, ni lugha waliyoikuta sokoni wakiwa mateka, wakaifanya yao.