Gitaa la klasiki la Kuba

Gitaa la klasiki la Kuba ni mapokeo ya upigaji na utunzi yenye makao yake makuu Havana. Msingi wa ufundishaji uliwekwa na Clara Romero. Mwanawe, Isaac Nicola (1916–1997), alijifunza Paris kwa Mhispania Emilio Pujol, kisha akarudi kufundisha nyumbani. Mwanafunzi wake Leo Brouwer, aliyezaliwa 1939, ndiye aliyeyapeleka mapokeo haya duniani: mazoezi yake mafupi, yaliyojaa midundo ya Kikuba yenye asili ya Afrika, ni muziki kamili, wala si ya kunyoosha vidole tu. Wapigaji mahiri wamehama, akiwemo Manuel Barrueco, aliyeingia Marekani 1967. Mustakabali unazitegemea shule za serikali, zinazofundisha bila ada, na walimu watakaobaki.